Subaru ya Safari kwa kipimo cha 1/24: kuunda na kupaka rangi hapa Kigoma

Wadau, karibuni. Leo meza ya kutengenezea simu nimeifunga tangu asubuhi, atakayekuja na simu iliyoingia maji atanisamehe. Boksi mnaloliona hapa lina gari dogo la plastiki la kuunda mwenyewe: Subaru Impreza ya mbio, ile ya bluu yenye rimu za dhahabu, kwa kipimo cha 1/24. Yaani kila sentimita moja ya plastiki hii inasimama badala ya sentimita 24 za gari lenyewe. Impreza halisi ina kama mita 4.34 kutoka bampa hadi bampa, kwa hiyo yetu ikikamilika itakuwa na sentimita 18 hivi. Inakaa kiganjani.

Kwa nini Subaru, na siyo yale magari ya Fomula Wani yenye matairi nje? Kwa sababu ya Safari Rally, mbio za magari za huku Afrika Mashariki. Mashindano yale yalianza mwaka 1953, na siku hizo njia ilipita Kenya, Uganda na huku kwetu, enzi za Tanganyika. Mwaka 1997 Colin McRae, dereva wa Scotland, aliyashinda akiendesha Impreza. Magari ya Safari yalikuwa yakifungwa ngao ya vyuma mbele, na mengi yalipandishiwa bomba la hewa pembeni ya kioo ili injini isinywe maji kwenye mito. Kwa kifupi, ni gari la mbio lililojiandaa kwa barabara kama zetu.

Tuanze. Fungua boksi, usikate kitu. Vipande vyote vimeshikana kwenye fremu za plastiki, kila fremu ina herufi na kila kipande kina namba. Hesabu fremu, tafuta mfuko wa matairi, tafuta karatasi ya stika. Stika ziweke mbali na jua na mbali na kikombe cha chai. Kisha osha fremu zote kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, maana kiwandani kuna mafuta yanayopakwa ili plastiki itoke kwenye kalibu, na rangi haishiki juu ya mafuta. Nimesema uvuguvugu. Maji ya moto yatapinda bodi, na haitanyooka tena.

Sasa, karatasi ya maelekezo itakwambia uanze na injini au chesisi. Mimi sifuati. Naanza na bodi, kwa sababu bodi ndiyo inayohitaji siku nyingi za kukauka. Wakati inakauka, huku chini unaunda mengine bila haraka.

Bodi kaiangalie kwenye mwanga wa dirisha, igeuze taratibu. Sogeza kamera hapa, mjomba. Mnaona mstari mwembamba unaopita juu ya tairi la mbele hadi kwenye nguzo ya kioo? Hapo ndipo vipande viwili vya kalibu vilipokutana. Gari halisi halina mstari huo. Chukua msasa wa maji namba 800, loweka, pitisha kwa ncha ya kidole hadi kucha isihisi kitu, kisha malizia na 1000. Usikandamize, utafuta na mistari ya milango.

Tufike kwenye praima, yaani rangi ya msingi inayotangulia rangi yenyewe, na hapa nawaomba mtulie. Rangi zinazotengenezwa kwa ajili ya kazi hizi zipo, kwa mfano Tamiya ya Japani ina spreyi yake ya bluu inayometa, TS-50. Tatizo ni kuifikisha Kigoma. Kopo la spreyi lina gesi na linashika moto, halipandi ndege kama kifurushi cha kawaida. Kwa hiyo mimi natumia spreyi ya magari, ile inayouzwa madukani pamoja na vipuri. Inafanya kazi vizuri sana, kwa sharti moja: isiguse plastiki tupu. Thina yake inakula plastiki hii. Gari langu la kwanza nilipuliza rangi moja kwa moja, nikaenda kula. Niliporudi boneti imepasukapasuka kama tope la kiangazi, na mlango wa dereva umelainika hadi alama ya kidole ikabaki. Nikampelekea mzee mmoja fundi rangi wa gereji hapa mtaani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaligeuza mara mbili, akaniuliza, "Praima iko wapi?" Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo praima kwanza, na hata hiyo uijaribu kabla. Jaribia kwenye fremu uliyokwisha kuivua vipande, kwa sababu ndiyo plastiki ileile. Usijaribie kwenye kijiko cha sherehe, huenda ni plastiki ya aina nyingine kabisa. Subiri nusu saa. Uso wake ukibaki mgumu na safi, endelea.

Bodi ishike kwa ndani. Mimi nafunga kopo tupu la maziwa kwa tepu ya karatasi, nalivisha bodi juu kama kofia, mkono unabaki chini. Vipande vidogo kama vioo vya pembeni na bawa la nyuma vibandike kwenye vijiti vya mishikaki, uvichomeke kwenye sponji. Tikisa spreyi dakika mbili nzima, usidanganye. Umbali ni sentimita 20 hadi 25. Anza kupuliza kabla kopo halijafika kwenye gari, pita juu yake bila kusimama, achia baada ya kulivuka. Mkono usisimame juu ya gari hata nukta moja, ukisimama hapo ndipo rangi inapotiririka. Na hii ni kazi ya nje, barakoa usoni, mbali na jiko la mkaa.

Nje lini? Hilo ndilo swali la Kigoma. Hapa tuna ziwa mlangoni, na masika hewa imejaa unyevu. Thina inapokauka inapoza uso wa rangi, unyevu wa hewani unaganda pale juu, na bluu yako inapata ukungu mweupe kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Ukiona hivyo usiongeze rangi. Acha ikauke, kisha siku yenye jua kavu pitisha koti, yaani tabaka la rangi, jepesi sana. Mara nyingi ukungu unaondoka. Mimi napuliza kuanzia saa nne asubuhi umande ukishakwisha, na saa sita nimeshamaliza, kabla upepo wa ziwani haujaanza kuleta vumbi. Usiku kamwe. Mvua za kwanza mwaka juzi nilipuliza klia, ile vanishi angavu ya kumalizia, barazani chini ya taa, saa mbili usiku, nikijiona mjanja. Kumbikumbi wakaja. Mmoja alitua katikati ya paa, akaacha mabawa mawili, akaondoka zake kwa miguu. Gari lile ninalo hadi leo, na mabawa yake.

Praima ikikauka siku nzima, pitisha msasa wa maji 1000 kidogo tu, ifute, halafu bluu. Koti la kwanza ni la kunyunyiza, praima bado inaonekana onekana, na usiogope. Subiri dakika 15 hadi 20. La pili lifunike. La tatu ndilo la kung'arisha, sogea kidogo karibu na mkono uende haraka zaidi. Baada ya hapo funika na beseni lililoinuliwa kidogo ukingo mmoja ili hewa ipite, na usiliguse siku mbili. Najua utataka kugusa. Gusa fremu uliyopuliza pembeni, ndiyo kazi yake.

Huku chini sasa. Chesisi, sakafu na vyuma vya kinga vya ndani ni nyeusi isiyong'aa, viti vivyo hivyo, mikanda nyekundu au bluu kwa brashi. Rimu ni dhahabu. Kata vipande kwa plaizi ndogo ya kukatia nyaya, ukiacha kimkia, halafu kimkia ukiondoe kwa wembe. Ukikata karibu mara moja, plastiki inachanika na kuacha shimo jeupe.

Gundi ya plastiki haibandiki kama gundi ya karatasi. Inayeyusha pande zote mbili zikawa kitu kimoja. Kwa hiyo kutanisha vipande kwanza, kisha gusisha brashi ya gundi kwenye ufa, itajivuta yenyewe ndani. Tone moja. Palipopakwa rangi ikwangue kwanza, vinginevyo unabandika rangi kwa rangi. Na kwenye vioo, tafadhali sana, usitumie supa glue. Mvuke wake unaacha utando mweupe kwenye kioo na hautoki. Tumia gundi nyeupe ya mbao, ikikauka haionekani.

Turudi kwenye bodi, stika. Kata moja tu, iweke kwenye maji sekunde 20 au 30, itoe, iache juu ya kitambaa hadi iteleze kwenye karatasi yake. Lowesha mlango kwa tone la maji, isukume stika kutoka kwenye karatasi, iweke sawa kwa brashi mbichi, kisha kamua maji kutoka katikati kwenda nje kwa kipande cha sponji. Ikigoma kulala kwenye mstari wa mlango, paka siki nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, subiri, bonyeza tena. Hapa mimi hutumia jioni nzima.

Kesho yake ndiyo klia. Koti mbili za mwanzo ziwe vumbi tu, zikauke, maana klia nzito inayeyusha stika mbele ya macho yako.

Na sasa uchafu. Nimechota udongo mwekundu nyuma ya nyumba, nikaukausha juani, nikausaga, nikauchuja kwa chujio la chai lililowekwa kitambaa cha soksi ya kike. Lazima uwe laini kama poda: chembe ya milimita moja hapa ni jiwe la sentimita 2.4 kwenye gari halisi. Brashi kavu, anza nyuma ya kila tairi ukipandisha juu ya mlango, vumbi likipungua kadiri unavyopanda. Mlango wa buti ndio upate nyingi kuliko kote, kwa sababu gari likikimbia hewa inazunguka nyuma yake na kulibandika vumbi pale. Kioo cha mbele kipake kote, kisha futa nusu duara mbili za waipa kwa kijiti cha pamba chenye unyevu. Angalieni hapo. Karibu kidogo, mjomba.

Mwisho bodi inakaa juu ya chesisi, inabonyezwa mbele kwanza, halafu nyuma, hadi ilie tak. Matairi yanazunguka, naam.

Hapana, mjomba, usilisukume. Weka kwanza hiyo simu chini.