Mick the Miller na King'ora cha White City

Habari za jioni, ndugu zangu, na ahsanteni kwa kuja. Nataka tutembee pamoja hadi London, kiangazi cha mwaka 1931, kwenye kiwanja cha White City kilichojengwa kwa ajili ya Olimpiki ya 1908. Kulikuwa na fainali ya Derby, taji kubwa kuliko yote ya mbio za mbwa Uingereza, na mbwa mmoja alikuwa analitafuta kwa mara ya tatu mfululizo.

Mumjue kwanza mwenyewe. Mick the Miller alizaliwa mwaka 1926 kijijini Killeigh, Ireland, kwa paroko wa pale, Padri Martin Brophy. Katika uzao wao yeye ndiye alikuwa mdogo wa umbo. Kabla hajakua akapatwa na distempa, ugonjwa unaofyeka watoto wa mbwa. Arthur Callanan wa kiwanja cha Shelbourne Park, Dublin, ndiye aliyemuuguza mpaka akasimama tena. Kila ninapotaja ushindi wake, mkumbukeni huyo mtoto mgonjwa.

Mwaka huohuo wa 1926, tarehe 24 Julai, mashabiki wa Manchester walikuwa wanaona kitu kipya katika kiwanja cha Belle Vue: mbwa wakimfukuza sungura wa bandia anayekimbia kwa umeme juu ya reli. Ubunifu huo ulitoka Marekani, kwa Owen Patrick Smith. Mpango wake hauna ugumu. Mbwa wanafungiwa vizimbani, kila mmoja na fulana ya rangi yake, sungura anapita kwa kasi, milango inafunguka. Mbwa hawa hawanusi njia. Wanafukuza kwa macho. Derby ilikuwa ya yadi 525, yaani mita 480 hivi. Ukipiga chafya mara mbili umekosa nusu ya mbio.

Mwaka 1929 Padri Brophy alimleta Mick London. Raundi ya kwanza tu akamaliza kwa sekunde 29.82, na hapo kabla hakuna mbwa aliyekuwa amerekodiwa chini ya sekunde 30 kwa umbali ule. Hiyo ni karibu kilometa 58 kwa saa, pamoja na kona zote! Padri akamuuza palepale kwa gini 800, fedha ya zamani ya Uingereza, kwa Albert Williams, mchezeshaji kamari wa London.

Fainali ilikuwa na mbwa wanne. Kona ya kwanza watatu wakagongana, Mick akiwamo. Palatinus, aliyekuwa mbele, akaponyoka na kufika wa kwanza. Ndipo king'ora kikalia: mbio batili, zirudiwe. Ziliporudiwa jioni ileile, Mick akashinda. Naomba mkishike vizuri kisa hiki, kwa sababu Palatinus alikuwa amekwisha kuvuka mstari, na watu wake walikuwa na haki ya kulia.

Mwaka 1930, sasa akiwa mikononi mwa mkufunzi Sidney Orton, Mick alitwaa Derby ya pili bila utata wowote. Mbwa mwingine hakuirudia kazi hiyo mpaka Patricias Hope mwaka 1972 na 1973.

Siri yake ilikuwa nini? Kwa maoni yangu, miguu ilikuwa nusu tu. Kutoka kizimbani mara nyingi aliachwa. Lakini wenzake walipojazana kwenye kona wakisukumana mabega, yeye alikuwa akipunguza kidogo, anatazama mwanya uko wapi, kisha anapita. Mwili wake umehifadhiwa katika makumbusho ya Tring, nje ya London. Nilisimama mbele ya kabati lake la kioo muda mrefu. Ni mbwa wa rangi ya michirizi, si mkubwa kama nilivyotarajia, na ukikutana naye njiani usingegeuka kumtazama mara ya pili.

Sasa turudi 1931. Mick ana miaka mitano. Mbwa wa mbio hufikia kilele akiwa na miaka miwili au mitatu. Kwa kazi ile, huyu alikuwa mzee. Mbio zinaanza, Ryland R anaongoza. Halafu Ryland R anamgeukia mwenzake, anaanza ugomvi. Mick anauona mwanya, kama alivyouona miaka yote, anapenya na kuwa wa kwanza kuvuka mstari. Uwanja mzima unalipuka. Watu wanakumbatiana wasiojuana. Derby ya tatu!

Kisha king'ora.

Kanuni ilikuwa wazi: mbwa akipigana, waamuzi wanaweza kuzifuta mbio. Watu walizomea. Lakini mfikirieni mbwa mwenyewe. Amemwaga nguvu zake zote ndani ya nusu dakika, mapafu yanawaka, misuli imekaza, na hawezi kuambiwa kwamba alichokifanya hakihesabiki. Akarudishwa kizimbani na wenzake vijana. Seldom Led akashinda. Mick akawa wa nne.

Nimejiuliza mara nyingi kama waamuzi walikosea, na siwezi kusema walikosea. King'ora kilekile ndicho kilichompa taji la 1929. Hata hivyo moyo wangu uko na wale waliozomea, na sioni haya kulisema hilo hapa mbele yenu.

Wengi walidhani ndiyo basi tena. Vuli ya mwaka huohuo akaingizwa kwenye St Leger, mbio nyingine kubwa za mbwa, kiwanjani Wembley, yadi 700, umbali mrefu kuliko Derby kwa yadi 175. Kwa mbwa wa umri ule ilionekana ni kumtesa. Alishinda. Zilikuwa mbio zake za mwisho, na usiku ule king'ora hakikulia.

Haya, karibuni kwa maswali.