Ugomvi Ulioandikwa Haufi
(Mhadhara uliotolewa Ngamiani, Tanga)

Bwana Mwenyekiti, mabibi na mabwana, wanaonijua wameshaanza kucheka kwa sababu wanajua nitasema nini. Nitasema tena: andikeni ugomvi wenu, maana ulioandikwa haufi.

Vijinchi vya kujitangazia, yaani vile ambavyo mtu huamka tu akasema hapa ni nchi yangu, mnavijua: bendera, mfalme, stempu, na raia wanaoenea kwenye daladala moja. Sealand na ngome yake baharini sitaieleza, mmeisikia mpaka mmechoka. Mimi nataka Talossa.

Mwaka 1979 kijana wa miaka 14 wa Milwaukee, Marekani, Robert Ben Madison, alitangaza chumba chake cha kulala kuwa ufalme wa Talossa. Mama wa hapa angemwambia atandike kitanda kwanza. Mwaka uliofuata akaanza kuutungia ufalme wake lugha, na sarufi yake. Likaja gazeti, bunge, vyama, uchaguzi. Miaka ya 1990 intaneti ikamletea raia kutoka mbali, na hapo ndipo utamu ulipoanza, maana wageni hawa hawakuja kupiga makofi. Walisoma katiba. Walimbishia mfalme. Mwaka 2004 kundi likajitenga, likaunda jamhuri yake. 2005 mfalme mwenyewe akaondoka. Ungedhani kilichobaki ni kukaa matanga tu. Wapi! Wakachagua mfalme mwingine, na 2012 pande mbili zikarudiana. Mwanzilishi kaenda zake, nchi ipo. Kwa nini? Kwa sababu kila ugomvi uliandikwa: nani alisema nini, nani alipiga kura gani, nani alinuna akasusa. Anayejiunga leo anaukuta ugomvi wa jana mzima mzima na anaweza kuchagua upande.

Namwona mzee pale anatikisa kichwa: mchezo wa Wazungu wasio na kazi. Babu, shikamoo, na ngoma ya Beni, ile ya kuiga bendi na gwaride la jeshi, je? Pwani yetu hii, tangu mwisho wa karne ya 19, Beni ilikuwa na wafalme wake, majenerali wake, sare zimepigwa pasi. Marini na Arinoti, vyama viwili vya Beni, walishindana, walichangishana, walizikana. Kama si kijinchi, ni nini? Kinachoniuma ni kimoja: mengi tunayosoma leo juu ya Beni yametoka kwenye majalada ya maofisa wa kikoloni waliowashuku wachezaji wake. Yaani mpelelezi ndiye aliyekuwa karani wetu! Na msinijibu kwamba nyimbo zinatosha. Wimbo utakwambia nani kaumbuka. Hautakwambia mchango ulikuwa kiasi gani na nani alikula fedha.

Je, vijinchi hivi vinatambuliwa kama dola? Kila mara naulizwa hili. Mkataba wa Montevideo wa 1933 unataka dola iwe na watu wa kudumu, eneo, serikali na uwezo wa kuhusiana na dola nyingine, kausomeni nyumbani. Hakuna anayewaambia Raskazone yetu hapa Tanga ijitenge, mwenyekiti wa mtaa alale salama.

Mzaha nao una hatari yake, sikatai. Ladonia, aliyoitangaza msanii Lars Vilks huko Uswidi mwaka 1996 pale alipojenga sanamu ya mbao ufukweni, ilipata maombi ya uraia kutoka kwa maelfu ya Wapakistani waliodhani wanaweza kuhamia huko. Mtu anatafuta maisha, wewe una sanamu ya mbao ufukweni. Hapo inabidi kusema ukweli mapema, kwa herufi kubwa.

Nilitaka pia kuzungumzia Hutt River ya Australia, iliyoanza 1970 kwa ugomvi wa mgawo wa ngano ikaishia 2020 na deni la kodi; na mkutano wa MicroCon, ulioanza 2015, ambako wafalme na marais hawa huonana ana kwa ana na kuvishana nishani. Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya.

Vikundi vya hapa, vya taarabu, vya kuzikana, vya mpira: leteni kumbukumbu za vikao, hata kama ziliandikwa nyuma ya risiti. Aliyewahi kuwa katibu wa kikundi chochote asiondoke kabla hatujaonana. Na waliogombana na katibu wabaki pia.