Adabu kwenye chaja ya magari ya umeme

Karibuni, ndugu watazamaji. Leo niko Kampala, kwenye maegesho yenye chaja mbili za magari ya umeme. Umeme Uganda tunao. Bwawa la umeme la Karuma peke yake limejengwa kwa megawati 600. Chaja za kushirikiana ndizo chache, na moja ikizibwa kuna mtu atalala njiani.

Kabla hujaegesha, tazama plagi. Ile ya CHAdeMO, ya magari mengi ya Kijapani, haiingii kwenye tundu la Kichina. Kama si yako, usichukue nafasi.

Sasa chomeka, sukuma mpaka ikamatike. Usiondoke bado! Nissan Leaf yangu ina taa tatu za buluu juu ya dashibodi. Mnaona moja inapepesa? Chaji inaingia. Kisha andika kwenye karatasi namba yako ya simu na saa utakayorudi, uiweke kwenye kioo cha mbele. Tafadhali msiidharau karatasi hii.

Kwenye chaja ya kasi, ondoka ukifika asilimia 80. Kuanzia hapo umeme huingia polepole ili kuilinda betri, na wewe unamkalia mwenzako bure. Chaja ya kilowati 7 ni jambo lingine: betri ya kilowati-saa 40 inataka karibu saa sita, kwa hiyo rudi kwa wakati ulioandika.

Na ukikuta pamezibwa? Siku moja nilitoka Jinja, kilomita kama 80, nikafika na asilimia 9. Pikapu ya dizeli imetulia kwenye chaja, mwenyewe hayupo. Nilipiga honi mpaka watu wakatoka madukani, wala haikusaidia. Aliyenisaidia ni askari wa getini, maana yeye ndiye mwenye daftari la namba za magari. Mwendee kwa heshima: "Afande, pole na kazi. Gari lile limeziba chaja na mimi nimeishiwa chaji. Nisaidie kumpata mwenyewe." Ikishindikana, piga picha ionyeshe namba ya gari na kibao cha chaja, umpelekee msimamizi wa maegesho. Kufunga gurudumu au kutoza faini ni juu yake. Wewe usitoe mtu upepo wa tairi, wala usimzibe kwa gari lako.

Kama ni gari la umeme lililokwisha jaa, piga ile namba ya kwenye kioo: "Ssebo, gari lako limejaa, naomba nafasi." Waya wake usiuguse. Magari mengine hufunga plagi kwa ndani. Ukivuta kwa nguvu utaivunja.

Haya, yangu imefika 80. Nasimamisha chaji kwenye mashine kwanza, ndipo nachomoa. Naviringisha waya, nautundika usilale kwenye matope. Mvua ya mchana imeshanyesha. Nyabo, karibu, sogeza gari.