Mshike au Mfiche? Bane, Barakoa Yake na Ugomvi wa Mashabiki

Mbukwenyi! Walio nyuma sogeeni mbele, feni za ukumbi huu zina kelele.

Swali mlilonipa ni lile la vijiweni: Bane, yule adui wa Batman, halisi ni yupi: wa filamu ya 1997, Batman & Robin, au wa 2012, The Dark Knight Rises? Wengi wenu mlimjulia kibanda umiza, sauti ya mtafsiri ikiwa imefunika ya kwake, kwa hiyo nusu ya ugomvi huu haikuwahi kuwafikia.

Bane aliingia kwenye vitabu vya katuni mwaka 1993, kazi ya Chuck Dixon, Doug Moench na Graham Nolan. (Nolan huyu siye Christopher Nolan, mwongozaji wa filamu ya 2012; wamegongana majina tu.) Amekulia gerezani Santa Prisca, kisiwa cha kubuni huko Karibi. Ana kinyago cha wanamieleka wa Meksiko, na mirija ya kumwingizia Venom, dawa inayomtutumua misuli. Hiyo ndiyo sura. Sasa tazameni kazi yake. Anavunja Arkham, hospitali wanakofungiwa wahalifu wenye wazimu, na kuwaachia wote, kisha anakaa pembeni huku Batman akihangaika kuwakamata mmoja mmoja hadi anachoka hoi. Anakwenda kumsubiri nyumbani kwake, na katika Batman namba 497 anamvunja mgongo juu ya goti. Misuli ilimalizia tu. Ushindi ulishapatikana kwa hesabu.

Filamu ya 1997 ilichukua kinyago na mirija, ikaacha akili. Bane yule anatumwa na Poison Ivy, adui mwingine wa Batman, kama baunsa, anaunguruma neno mojamoja. Ile ya 2012, ya Christopher Nolan, ilitupa kinyago na Venom. Tom Hardy akavalishwa barakoa inayompa gesi ya kutuliza maumivu. Lakini hesabu ikabaki, na mgongo ukavunjwa. Kwangu mimi, wa 2012 ndiye aliye karibu zaidi na kitabu, japo anayetazama sura tu atabisha. Wanaolalamika kwamba Mkaribi alifutwa, akachezwa na Mwingereza, wana hoja nzito, wala ubora wa uigizaji hauijibu. Mambo ya kimo yasitupotezee muda: Hardy ni mfupi kuliko Christian Bale, aliyeigiza Batman, na kamera ikikaa chini humaliza kesi hiyo.

Utamu uko kwenye sauti. Desemba 2011 kipande cha mwanzo kilipoonyeshwa, watazamaji wengi hawakuelewa Bane anasema nini. Filamu ilipotoka 2012 sauti ilikuwa wazi zaidi, ila ikazua lawama nyingine: inaonekana kama inatoka juu ya picha, si mdomoni mwake.

Sababu ni hii. Nguvu ya irabu iko zaidi chini ya herzi 1,000 (yaani mitetemo 1,000 kwa sekunde), na hiyo hupenya barakoa. Konsonanti kama s, sh, f na t hukaa juu, takriban herzi 2,000 hadi 8,000, na ngozi au faiba huzimeza. Msidhani Kiswahili kitawaokoa kwa kuwa silabi zake nyingi huishia na irabu. Adui wa filamu mnayotaka kuipiga akiwaamuru vijana wake “mshike!” ndani ya barakoa, kuna atakayesikia “mfiche!” Irabu zilezile, i na e, amri kinyume kabisa. Filamu imeharibika kwa neno moja.

Kwa hiyo, mkipiga picha hapa Dodoma, barakoa itobolewe matundu kwa chini, yasikoonwa na kamera. Matundu hayo humsaidia mwigizaji kupumua na sauti kutoka. Maiki ndogo msiifiche ndani ya barakoa: pumzi zitaipiga kila anaposema p au b, na sauti itavuma kama mtu aliye ndani ya pipa. Ibandikeni kwenye paji la uso, chini ya ukingo wa kofia. Upepo wa Juni hadi Agosti mnaujua, kwa hiyo hata hapo ivalisheni manyoya. Sauti hiyo ichukulieni kama mwongozo tu. Siku hiyohiyo, kabla koo halijabadilika, mwingizeni mwigizaji kwenye chumba kilichotundikwa mablanketi, avue barakoa, arudie kila mstari mara tatu huku akijitazama kwenye skrini. Wakati wa kuhariri kateni kila kilicho chini ya herzi 80, ongezeni desibeli 3 karibu na herzi 3,000, kisha changanyeni na sauti kidogo ya ndani ya barakoa. Mkiisahau hiyo ya mwisho, mtapata kosa lile la sauti inayoelea juu ya picha.

Mdomo ukifichwa, macho ndiyo yanayoigiza. Jua la saa sita huyaacha gizani chini ya nyusi. Pigeni kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni, na mtu ashike kadibodi nyeupe chini ya kifua kurudisha mwanga usoni.

Mkimaliza, msiamini hedifoni. Pelekeni kipande hicho kibanda umiza, kwenye zile spika zenye besi kupita kiasi, watu wakiwa wamejaa na wanapiga soga. Mwite asiyesoma muswada, mumuulize Bane wenu ameamuru nini. Akijibu “mfiche”, rudini kwenye mablanketi.