Nyumba ya "Kale" Iliyojengwa kwa Pesa za Bia

Mambo zenu wapendwa! Mnanisikia? Upepo wa huku ni balaa, ngoja nisogee ukutani. Haya. Nimekuja kulala kwenye hoteli ya Bailiffscourt, hapa Climping, Sussex Magharibi, kusini mwa Uingereza. Bahari iko nyuma ya yale mashamba, unatembea kidogo tu umefika.

Sasa tazameni huu mlango. Tazameni na boriti za mwaloni zilivyopinda, na madirisha ya mawe membamba kama ya ngome. Utaapa kwamba waliishi humu watu wa mapanga na farasi, sivyo? Thubutu! Ujenzi ulianza mwishoni mwa miaka ya 1920. Kuna mabibi zetu wameizidi umri nyumba hii.

Mwenyewe alikuwa Walter Guinness, baadaye Lord Moyne. Ndiyo, ukoo wa ile bia nyeusi mnayoijua, msijifanye watakatifu. Mkewe, Lady Evelyn, alikuwa mgonjwa wa mambo ya zama za kati. Basi wakamtuma Amyas Phillips, mjuzi wa vitu vya kale, akusanye milango, dari na madirisha ya majengo makongwe, vikaja kuunganishwa hapa. Hata miti ililetwa ikiwa mikubwa tayari! Mwenye pesa hangoji kivuli.

Wapo wanaoiita feki. Mimi hapana. Wazanzibari mtanielewa: mlango wa nakshi uking'olewa Mji Mkongwe ukapachikwa kwenye hoteli mpya kule ufukweni, mlango ni wa kweli, fundi wake alikuwa fundi kweli. Swali langu ni la ile nyumba ulikotoka. Imebaki na nini?

Kilichozaliwa hapa hapa ni kile kikanisa cha mawe, cha karne ya 13, enzi ambazo watawa wa Séez, Normandy, kule Ufaransa, walikuwa na msimamizi wao kwenye ardhi hii. Lord Moyne yeye aliuawa kwa risasi Kairo, Novemba 1944, akiwa waziri wa Uingereza huko. Baada ya vita, nyumba ikawa hoteli.

Haya, maji yanakupwa, nateremka ufukweni. Msitegemee mchanga wa Paje. Hapa ni kokoto kwanza, viatu sivui. Na wewe uliyeuza mlango wa bibi yako, andika kwenye maoni walikupa shilingi ngapi. Sitakutaja.