Owen na Mzee: tusiikatize hadithi kabla kiboko hajakua

Hamjambo nyote, shikamooni wazee wetu hapo mbele, na walimu na wazazi mliokuja na watoto shukran sana, watoto wakichoka waacheni wazunguke tu hawanisumbui. Nimeombwa nizungumze kuhusu vitabu vya watoto vya wanyama, urafiki na kukua, na nikaona kuliko kutaja vitabu ishirini juu juu heri nichukue hadithi moja, ya kiboko Owen na kobe anayeitwa Mzee, ambayo imetokea hapahapa pwani yetu, kutoka Malindi mpaka Bamburi, niifuate mpaka mwisho wake, manake naona wengi wetu twaisimulia nusu.

Mwishoni mwa 2004 mvua zilikuwa kubwa, mto Sabaki ukajaa, viboko wakasukumwa na maji mpaka pale mto unapoingia baharini karibu na Malindi, wakawa huko ufukweni wanakula nyasi zao na watu wanawaangalia. Bas tarehe 26 Disemba ikaja tsunami, ile iliyoanzia kule Sumatra na kuua watu zaidi ya laki mbili pande zote za Bahari Hindi, huku kwetu Kenya Mungu alituhurumia, lakini bahari ilichafuka kweli. Kesho yake watu wa Malindi wakamwona mtoto wa kiboko amekwama kwenye miamba peke yake, mamake hayupo. Wavuvi wakatoka na nyavu, wengine na kamba, watu wamejaa ufukweni, na yule mtoto japo mtoto ana kilo kama 270 na anateleza, kila wakimshika anachopoka, mpaka mwanamume mmoja akamrukia akamkumbatia akamwangusha ndio wakapata kumfunga. Yule bwana anaitwa Owen, na kiboko akapewa jina lake. Kwa nini hawakumrudisha mtoni tu? Watoto huuliza hili kila mara na jibu lao lipo, mtoto wa kiboko akiingizwa kwenye kundi lisilo lake madume wanaweza kumuua, na peke yake bado alikuwa hajajifunza kuishi.

Akapelekwa Haller Park, ile bustani ya wanyama ya Bamburi, Mombasa, safari ya kilomita zaidi ya 100 juu ya gari akiwa amefungwa. Akawekwa kwenye uzio wenye bwawa ambamo tayari alikuwamo kobe mkubwa wa Aldabra, wale majitu ya Ushelisheli, jina lake Mzee, umri wake unakadiriwa miaka 130 hivi. Owen alipofunguliwa tu akakimbia moja kwa moja akaenda kujibanza nyuma ya Mzee, vile mtoto wa kiboko anavyojibanza nyuma ya mamake akiogopa. Mzee hakupenda. Akatoa ule mlio wao wa kupumua kwa hasira akajivuta akaenda zake, Owen akamfuata, Mzee akasogea tena, Owen yuko nyuma yake, na ilipofika asubuhi wakakutwa wamelala ubavu kwa ubavu. Siku zilizofuata Owen alikuwa hataki kula kabisa, akaanza kula pale alipoona Mzee anakula majani, yaani alikula kwa kuiga. Mwishowe akawa anakula mchana kama kobe, na nyinyi mwajua kiboko kawaida yake hutoka usiku kula.

Habari ikaenda duniani kwa picha za Peter Greste, mwandishi wa habari aliyekuwa akifanya kazi huku. Kule New York kuna mtoto wa kike wa miaka sita, Isabella Hatkoff, akaiona picha ya kiboko kamlalia kobe akamng'ang'ania babake Craig kwamba hii iwe kitabu. Wakashirikiana na Dkt. Paula Kahumbu, Mkenya mwenzetu ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa akisimamia ile bustani, na kitabu cha Owen na Mzee kikatoka 2006, cha pili 2007 ambacho ndani yake waeleza vile hawa wawili walivyokuwa wakielewana, Owen akitaka Mzee ageuke anamng'ata kidogo mguu wa nyuma upande anaoutaka, na Mzee akitaka Owen asogee anamng'ata mkia. Mimi hapo ndipo napenda zaidi. Hakuna mnyama aliyepewa maneno mdomoni, Mzee hasemi "karibu mwanangu", yeye ni kobe tu na Owen ni kiboko tu, mwandishi anasimama kando anakwambia alichokiona na mtoto anajazia mwenyewe.

Sasa tuweke hii karibu na zile tulizokulia. Hadithi zetu za wanyama na urafiki mara nyingi ni za kuangaliana, huyu ajihadhari na yule. Chukua kisa cha kima na papa, Edward Steere, mmishonari Mwingereza, alikiandika kutoka kwa wasimulizi wa Unguja akakichapisha 1870 lakini chenyewe ni kizee kuliko hapo sana. Kima yuko juu ya mkuyu, matawi mengine yameinamia bahari, kila siku akila tunda anamrushia papa na papa anakula anashukuru. Siku moja papa anamwambia rafiki yangu umenifanyia mema mengi, twende kwetu nami nikukirimu, kima anapanda mgongoni, wamefika katikati ya bahari ndipo papa anasema ukweli kwamba sultani wao mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu ungeniambia mapema, sisi tukisafiri mioyo yetu tunaiacha juu ya mti, nirudishe nikaichukue. Akarudishwa, akaruka juu ya mkuyu, hakushuka tena. (Kisa hiki kimetembea: India kule ni mamba, kwenye Kalila wa Dimna, kile kitabu cha Kiarabu cha visa vya wanyama, ni kobe, kilipofika kwetu kikawa papa, kila pwani imeingiza mnyama wake.)

Mimi siisemi vibaya hadithi hii, naipenda na watoto waipenda sana, ile sehemu ya moyo kubaki mtini wanacheka mpaka wanaanguka. Inamfundisha mtoto kuwa rafiki aweza kuwa na haja yake ya siri na akili ya haraka yaokoa roho. Lakini hebu angalieni, ndani yake hakuna anayekua. Kima wa mwanzo ndiye kima wa mwisho, mjanja kaanza na mjanja kamaliza, na sungura na fisi ni vivyo hivyo, fisi hajawahi kupata akili hata siku moja tangu dunia iumbwe. Mtoto akilelewa na hizo peke yake atajua kujihadhari, hilo sawa, lakini hatakuwa amekutana na mnyama anayeanza mdogo, mwoga, mwenye njaa, afu anabadilika mbele ya macho yake kurasa kwa kurasa. Owen anabadilika. Na Mzee pia anabadilika, jambo ambalo kwangu ndio kubwa zaidi, manake kobe hawalei. Kobe jike anataga mayai ardhini, anafukia, anaenda zake, watoto wakitoka wanajitegemea tangu saa ya kwanza, na dume ndio hana habari kabisa. Mzee ameishi miaka mia na zaidi bila kuwa na kiumbe kinachomfuata nyuma. Mtoto ukimwambia hilo anakaa kimya kidogo, anarudi kuiangalia ile picha upya, anaona uzito wa yule kobe kukubali kulaliwa.

Haya, sasa nifike nilipokuwa nataka kufika. Wengi tunasimulia mpaka hapo, wamelala pamoja, picha nzuri, bas tunafunga kitabu. Lakini kiboko anakua jamani! Dume la kiboko hupita kilo 1500, kobe wa Aldabra dume akifika kilo 250 huyo ni mkubwa sana. Gamba ni gumu ndio lakini kiboko wa tani nzima akitaka kucheza vile alivyokuwa akicheza mdogo, kumsukuma mwenzake bwawani, kumlalia, hajui kama ameongezeka, anacheza kwa mapenzi yaleyale na mapenzi hayohayo yanaweza kumuumiza mzee wa watu. Na Owen mwenyewe alihitaji kuwa na viboko wenzake, ajifunze mambo ya kiboko ambayo kobe hata awe na roho nzuri namna gani hawezi kumfundisha. Pale Haller Park kulikuwa na kiboko jike anaitwa Cleo aliyekuwa ameishi miaka bila mwenzake. Mwaka 2007 Owen akatenganishwa na Mzee akawekwa na Cleo, na wakazoeana.

Kuna watu wazima waliniambia sehemu hiyo usiwasomee watoto, itawahuzunisha, waache na ile picha nzuri. Mimi nakataa na nitawaambia kwa nini. Watoto ninaowasomea mimi, wa hapa Mombasa, kutengana hawakusikii kwa mara ya kwanza kwenye kitabu. Kuna ambaye mamake yuko Saudia anafanya kazi za nyumbani, anamuona kwenye vidio ya simu Ijumaa akipata nafasi. Kuna aliyelelewa na nyanya Kilifi mpaka umri wa shule ndio akaletwa mjini kwa babake ambaye hamjui vizuri, kuna dada mtu amepelekwa bodingi na kitanda kimebaki kitupu. Hawa ukiwafungia hadithi pale kwenye picha nzuri unakuwa umewaambia kwamba urafiki wa kweli ni ule usioachana, na wao tayari wameachana na watu, sasa wafikirie nini, kwamba wao hawakupendwa vya kutosha? Mtoto mmoja wa darasa la tatu nilipofika kwenye kutenganishwa alikasirika kabisa, akasema hao watu wabaya, mbona wamewatoa. Mwenzake akamjibu kabla mimi sijafungua mdomo, akamwambia si wabaya, Owen ameshakuwa mkubwa na Mzee angevunjika. Wakabishana wao kwa wao, mimi nikakaa pembeni nawasikiliza, mmoja anamtetea Owen mwingine anamtetea Mzee, na nikaona wanazungumzia nyumba zao bila kuzitaja. Wanyama hutusaidia kwa namna hiyo, mtoto anaweza kumlilia kiboko hadharani kitu ambacho kwa mamake hawezi.

Kwa hio mwalimu ukisoma usikimbie. Pale Mzee anapotoa ule mlio wa hasira usipapunguze, watoto wanahitaji kujua kwamba mwanzoni hakumtaka, hata wao kuna siku wameingia klasi mpya hakuna anayewataka. Na pale kwenye kutengana usiongeze maneno yako ya kuwapoza haraka haraka, subiri, waache waulize. Wakilia kidogo hakuna neno.

Na nyinyi mnaoandika, najua wapo humu ndani, hii hadithi ilitokea mlangoni petu na kwa watoto wangu wengi ilifika kwa Kiingereza kwanza, mimi ndio nawatafsiria nikisoma. Inaniuma hilo, nasema wazi. Sijui kama mnakumbuka pale Haller Park palikuwa nini, palikuwa machimbo ya kiwanda cha simiti, mwamba mtupu mweupe unaochoma macho, hata majani hayaoti. Mwaka 1971 René Haller akaanza kupanda mivinje manake ndio mti uliokubali, majani yake yakawa yanaanguka yamerundikana hayaozi, bas wakaletwa majongoo wakayala, wakayafanya udongo, ndio baadaye ikaota mingine, wakaja ndege na wanyama mpaka pakawa mahali pa kumpokea kiboko yatima. Nani ameandika hadithi ya yule jongoo? Hapo kuna urafiki wa mti na jongoo na mwamba, kuna kukua kwa miaka, kuna kazi ya polepole ambayo mtoto wa mjini haioni. Nani ameandika upande wa Cleo, ambaye kakaa peke yake miaka afu analetewa kijana aliyelelewa na kobe na hajui tabia za viboko? Mimi ningeisoma hio kesho.

Na njia zipo. Tanzania wana Mradi wa Vitabu vya Watoto tangu 1991, umewasaidia waandishi na wachoraji wa Kiswahili kwa miaka, na siku hizi kuna African Storybook kwenye intaneti, hadithi ni za bure, Kiswahili kimo na lugha zetu nyingine kibao, unaweza kuandika yako ukaiweka. Nachoomba tu ni Kiswahili cha mdomoni, sentensi ambayo mwalimu akiisoma kwa sauti ulimi haukwami, na mchoraji alipwe vizuri manake kwa mtoto wa miaka mitano picha ndio kitabu. Na msimalize mapema. Mkimwandika mwana-mbuzi muandikeni mpaka awe mbuzi.

Mimi yangu ni hayo. Yule mama aliyebeba mtoto pale nyuma ameinua mkono muda mrefu, mpeni maikrofoni tuanze na yeye.