Mnaouliza mbona siuzi waini ya Dodoma Ujerumani

Mbukwenyi jamani! Nipo Hombolo, huku Dodoma, kwa mama mdogo, Jumatano narudi Hamburg, na kabla sijaondoka nijibu hili swali maana nikiposti zabibu tu mnaanza, "dada si upeleke hiyo waini Ulaya upige hela?" Nikijibu wengine mnasema naringa, wengine mnasema huyu kazi yake kulalamika. Mimi nasema nilichokiona.

Ukiwa abiria unaingia Ujerumani na lita 4 za waini bila ushuru, yaani chupa tano. Ukitaka kuuza ni habari nyingine kabisa, leseni, ushuru, vipimo, lebo, na hii ya mama mdogo iko kwenye dumu nyuma ya nyumba, haina hata karatasi moja. Na anaikamua mwenyewe kwa sababu zabibu huku wanavuna mara mbili, mwezi wa 3 na mwezi wa 8 kwenda wa 9, na ikiiva haisubiri mtu, mnunuzi anajua hilo, anakuja na bei yake mfukoni. Bora ukamue mchuzi, yaani maji ya zabibu, kuliko zikuozee shambani.

Mwaka jana nikasema basi nipeleke vyungu. Nikawapa watu wa kago vyungu sita, nimelipia kila kilo, vikafika vigae vitupu, naambiwa kosa langu sikukata bima. Inaniuma mpaka leo, na siyo hela tu, vile vyungu niliviona vikifinyangwa. Bibi wa hapo jirani anakwangua chungu kwa gunzi la mahindi, halafu anakisugua na kokoto nyeusi aliyoachiwa na mama yake, imelainika kama yai, asubuhi nzima yuko na chungu kimoja na hapo bado hakijachomwa. Halafu mtu anashuka kwenye gari yenye AC anamwambia bibi punguza buku mbili. Jamani! Mlipeni.

Kwa hiyo mimi, na hii ni mimi, kila mtu anajua mfuko wake, nasema njooni wenyewe. Dar mpaka Dodoma treni ya SGR ipo, ukitoka mjini kuja Hombolo ni kama kilomita 40. Beba keshi, noti ndogondogo. Waini inywe hapahapa kwa mwenyewe, na chungu usimpe mtu akubebee. Mimi cha safari hii nimeshakifunga kwenye kanga mbili, nakipakata mwenyewe mpaka Hamburg.